Mashine ya 15 haivuti boti ikiwa na mzigo

Wakuu, habari za mchana. Nina boti ya fiba futi 23, mashine Yamaha ya nguvu farasi 15, stroki mbili. Ikiwa tupu inakimbia safi. Nikipakia barafu na watu watano kutoka Kilwa Masoko kwenda Songo Mnara, inanguruma tu, pua juu. Kuna fundi anataka kuchonga kichwa cha silinda ipate nguvu. Nimruhusu?

Jibu, Musoma
Usimruhusu kaka! Kuchonga kunapandisha mgandamizo ndani ya silinda, na kwa mafuta haya ya madumu pistoni itatoboka katikati ya maji. Anza na propela. Imegongwa namba mbili za inchi: ya kwanza kipenyo, ya pili hatua, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele ikizunguka mara moja. Ukipunguza hatua inchi moja, injini inapanda kama mizunguko 200 kwa dakika. Gesi yote ikiwa wazi na mzigo wako ndani, inatakiwa ifike kati ya 4500 na 5500. Ikiwa tupu utapoteza spidi kidogo, lakini wewe si unabeba samaki?

Jibu, Mafia
Chini ya boti umesugua lini? Majani yanakula nguvu kuliko unavyodhani. Na barafu isogeze mbele, uzito wote ukikaa shetri, yaani nyuma, pua haishuki ng'o.

Muulizaji
Shukrani. Nimeangalia propela: 9¼ kwa 10. Majani yapo, tena marefu, kesho naipandisha mchangani. Propela ya hatua 8 iliyotumika, nani anayo?