Impela ya pampu: niprinti, nisubu au nipeleke CNC kabla ya kutengeneza 200?

FundiMoro88
Wakuu habari za jioni. Nipo Morogoro, natengeneza pampu za maji, hizi za umeme za HP moja zinazotumika kwenye bustani za mboga kando ya mto Ngerengere. Shida yangu ni impela, lile gurudumu la mapanga linalozunguka ndani na kusukuma maji. Zile za plastiki zinazokuja na pampu zinaliwa na mchanga, msimu mmoja tu mapanga yamebaki membamba kama wembe na mkulima anarudi kulalamika maji hayapandi, na spea za dukani nyingi mdomo wake, pale maji yanapoingilia, haukai sawasawa kwenye hauzingi (gamba la nje la pampu). Nimekaa miezi miwili nachora ya kwangu kwa FreeCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kipenyo 130 mm, mapanga 5, imefunikwa mbele na nyuma. Nikishapata inayofanya kazi nataka nitengeneze kama 200 hivi.

Sasa kila mtu ananiambia lake. Mmoja anasema niprinti kwa 3D, mwingine nikasubu aluminiamu (iyeyushwe imiminwe kwenye kalibu) kule Gerezani, Dar, mwingine nichonge kipande kizima kwa CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Hela yangu inatosha kujaribu njia moja, zikizidi mbili. Nianzie wapi?

MchoraSehemu_Nrb
Kaka kabla hujachagua mashine jiulize hiyo sampo ya kwanza unataka ikuambie nini. Kama unataka kujua inaingia kwenye shafti, mdomo hausugui na maji yanapanda unavyotaka, printa inatosha na ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Lakini kama unataka kujua itadumu misimu mingapi kwenye mchanga, impela ya kuprinti haiwezi kukuambia, hata ikivunjika siku ya pili hujajua chochote kuhusu ile ya chuma.

Mimi nimeprinti kama sita hivi za pampu ndogo. Plastiki ya PLA usitumie, inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 na mkulima akifunga valvu pampu ikiwa inazunguka maji yaleyale yanachemkia ndani, nimeshatoa impela imepinda kama sahani iliyoachwa jikoni. Tumia plastiki ya PETG au ABS. Nailoni ni ngumu ila inanyonya maji inavimba, ule mwanya wa mdomo unapotea. Laza sahani kwenye kitanda cha printa ili matabaka yalale kama inavyozunguka, maana ukiisimamisha ile nguvu ya kuzunguka itayaachanisha. Weka kuta 4 au 5 na ujaze asilimia 100. Tundu la shafti likitoka huwa ni dogo, lichore dogo makusudi halafu ulipanue kwa rima (kisu cha kusawazisha tundu), na ukiweza tia bushi ya shaba pale katikati kwa sababu plastiki ya kuprinti haishiki kii, kile kipande kinachofunga impela na shafti, inalika.

Na hiyo kufunika pande zote mbili iache kwanza. Ndani ya zile njia printa itajenga vijiti vya kushikilia paa, na kuvitoa mle ndani ni kazi ya kulia. Chora nusu wazi, sahani ya nyuma tu na mapanga.

BabaKerezo
Kijana wangu, nimeshika leiti na kusubu miaka 31. Huyo wa juu kasema vizuri. CNC ya mhimili tatu haiwezi kuifikia ile impela yako iliyofunikwa, kisu hakipindi kona kuingia ndani, na ukiniletea nichonge ya wazi kutoka kwenye kipande cha aluminiamu karibu chote kinakuwa vumbi la chuma sakafuni, na hilo unalilipia. Kwa moja ya kupima vipimo sawa, kwa 200 utafilisika.

Njia yako ni kusubu kwenye mchanga, ila pateni yake, yaani umbo la mfano linalokandamizwa kwenye mchanga, ndiyo uiprinti. Zamani tulikuwa tunachonga mti wiki nzima kwa pateni ya mapanga yaliyopinda, siku hizi vijana wananiletea ya plastiki asubuhi. Isugue, ipake pati ya magari, isugue tena mpaka iteleze, maana yale mistari ya printa yanang'ang'ania mchanga na kalibu inabomoka ukiitoa. Mapanga yawe manene kidogo chini kuliko juu, hata digrii 2 zinatosha kuchomoka.

FundiMoro88
Shikamoo mzee. Asante sana. Naomba kuuliza, je naprinti 130 mm kama ilivyo? Na ni bora aluminiamu au shaba?

BabaKerezo
Marahaba. Hapana, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Aluminiamu ikipoa inasinyaa kama asilimia 1.3, kwa hiyo pateni ya 130 iwe karibu 131.7, na pale patakapokerezwa ongeza milimita 2 juu ya hapo. Ina maana unaprinti mara mbili, moja ya kipimo halisi ya kujaribia kwenye pampu na nyingine kubwa ya kusubia. Usitumie moja kwa kazi zote mbili.

Kuhusu madini, aluminiamu ni nyepesi na rahisi kuyeyusha lakini ni laini, mchanga utaila nayo, na ikikaa majini imegusana na shafti ya stenlesi inaoza taratibu. Shaba ni bora ila uzito wake ni mara tatu, angalia beringi zako. Anza na aluminiamu ujifunze kusubu, ukiridhika hamia shaba, na kumbuka shaba inasinyaa zaidi kidogo kwa hiyo pateni itabadilika.

Na kila moja ipime mizani kabla hujaifunga. Itie kwenye fimbo iliyonyooka, ilaze juu ya makali mawili, upande mzito utashuka, sugua nyuma ya sahani mpaka isimame popote.

Pellet_Tz
Naongezea kwa upande wa plastiki, nafanya kazi kwenye moldi. Usidanganywe ukatengeneze moldi ya chuma kwa vipande 200, hairudishi hela. Na zile impela za plastiki zilizofunikwa ujue zinamwagwa vipande viwili halafu vinaunganishwa, siyo moldi moja. Kumwaga polyurethane kwenye moldi ya silikoni nako kila moldi inatoa kama 20 hivi inachoka, ila kwa vipande 10 vya kuwapa wakulima wajaribu ningeifikiria, kwa sababu polyurethane inayonyumbuka kama mpira inavumilia mchanga mwembamba kuliko plastiki ngumu.

MchoraSehemu_Nrb
Usalama jamani. 130 mm kwa mizunguko 2,850 kwa dakika, ncha ya panga inakwenda kama mita 19 kwa sekunde. Usiwashe ya kuprinti hauzingi ikiwa wazi ili "uone".

FundiMoro88
Nimewaelewa wakuu. Leo usiku nabadilisha mchoro uwe nusu wazi, naprinti moja ya PETG 130 kamili nipime maji yanapanda mita ngapi na yanajaza pipa la lita 200 kwa dakika ngapi, nikilinganisha na ile ya zamani ikiwa mpya. Ikipita ndipo naprinti ya 131.7. Mzee, zile milimita 2 naziweka upande wa mapanga pia au nyuma na kwenye mdomo tu?

BabaKerezo
Nyuma, katikati pa shafti, na kwenye nyuso za mapanga zinazotazama hauzingi, maana impela ikiwa wazi ule mwanya ndio unaobeba kila kitu, uukereze ubaki nusu milimita au chini yake. Pembeni mwa panga usiguse, acha kama lilivyosubiwa. Ukija Dar niletee ile ya PETG nione.