Vidoadoa tangu utotoni, na sasa mabaka usoni: naomba ushauri kabla sijapaka chochote

Mwalimu wa Pangani:

Ndugu zangu, habari za leo. Naomba ushauri, hasa kwa wenye taaluma ya afya na kwa waliowahi kutibiwa tatizo kama hili. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mweupe wa maji ya kunde, na tangu nikiwa shule ya msingi nina vidoadoa vya kahawia puani na mashavuni, kama alivyokuwa navyo marehemu mama yangu. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali nami nikishinda uwanjani na wanafunzi, vinakolea; kusi ikiingia na mawingu yake vinafifia, ingawa havitoweki kabisa. Havijawahi kunisumbua. Lakini nilipokuwa na ujauzito wa mtoto wa pili yalitokea mabaka mapana kwenye paji la uso na juu ya mdomo, na mpaka leo hayajaondoka.

Msusi wangu ameniletea krimu kwenye kikopo kisicho na lebo, akaniahidi kwamba kila kitu kitakwisha kwa wiki mbili. Nimekifungua na kukuta krimu ya manjano yenye manukato makali, na chini yake maji yamejitenga. Sijaipaka. Vidoadoa hivi vinasababishwa na nini, na vinaondolewaje bila kuharibu ngozi? Binti yangu wa miaka 6 naye ameanza kuvipata.

Tabibu wa Ngozi:

Dada, usiipake hiyo krimu. Nitaieleza baada ya kukujibu swali la msingi, kwa sababu usoni mwako kuna mambo mawili tofauti na kila moja lina njia yake.

Vidoadoa vya utotoni ni vya kurithi. Seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, si nyingi zaidi mahali penye kidoa. Ila pale zinafanya kazi kwa bidii kupita majirani zake kila zinapopigwa na jua. Jeni inayohusishwa zaidi na hali hiyo inaitwa MC1R, na ndiyo maana vidoadoa huonekana sana kwa watu weupe wenye nywele nyekundu, ingawa hata kwetu huwapata watu wenye rangi nyepesi. Kukolea na kufifia kwa misimu, kama ulivyoeleza, ndiyo tabia yake hasa. Si ugonjwa.

Mabaka ya paji la uso na juu ya mdomo yanaelekea kuwa melasma. Hiyo huchochewa na homoni za ujauzito au za baadhi ya dawa za uzazi wa mpango, kisha jua likaikoleza. Kwa ngozi zetu hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huiongeza, kwa hiyo losheni ya kujikinga na jua ichaguliwe yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) ya 30 au zaidi na iwe ya rangi, kwa kuwa rangi hiyo hutokana na oksaidi za chuma, ambazo huzuia mwanga huo. Kamulia mistari miwili kwenye vidole viwili, upake uso na shingo, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Bila hatua hii, dawa nyingine yoyote utakayonunua ni hasara.

Sasa kikopo. Mkorogo wa aina hiyo mara nyingi huwa na haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), zebaki au steroidi kali, na vyote vitatu vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Zebaki huharibu figo, na mvuke wake huweza kuwadhuru hata watoto ambao hawajaigusa krimu yenyewe. Steroidi hung'arisha uso haraka, na hapo ndipo watu wanaponaswa, kwani baadaye ngozi huwa nyembamba, chunusi hufumka, na ukiacha kupaka uso huwaka moto. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta weusi wa kibluu usiofutika, hali ambayo madaktari wa Afrika Kusini waliieleza mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu za kujichubua. Nimewahudumia wanawake wenye hali hiyo, na inauma kumwambia mtu kwamba uso wake hautarudi ulivyokuwa.

Bi Mwanakombo, Mombasa:

Mwanangu, nyongeza ndogo. Mimi mashavuni nilikuwa na vitu vidogo vyeusi nikidhani ni vidoadoa kama vyako, kumbe ukivipapasa vimeinuka kama vichunjua. Daktari alinieleza kuwa ni vinundu visivyo na madhara, vinavyowapata sana watu weusi na hutembea katika ukoo. Krimu haviisikii kabisa. Alivichoma kimoja kimoja kwa kifaa cha umeme baada ya kunipaka ganzi, akaanza na vichache nyuma ya shavu ili aone ngozi yangu itaponaje. Basi pitisha kidole kwanza, ujue vyako ni bapa au vimeinuka.

Abu Salim, Maskati:

Huku kwetu kliniki za urembo zinatangaza leza kwa kila aina ya doa. Je, Tabibu, inafaa kwa ngozi ya dada yetu?

Tabibu wa Ngozi:

Kaka, leza huvunja vidoadoa vizuri kwa watu weupe, lakini jua likirejea navyo hurejea. Kwenye ngozi yenye rangi, joto lake huweza kuacha doa jeusi zaidi au baka jeupe, na melasma huweza kurudi kwa ukali. Kugandisha kwa naitrojeni ya maji nako huua seli za rangi kwa urahisi. Mimi nisingeanza na hayo. Ningeanza na asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, inayofanya kazi polepole kwa miezi kadhaa na inaweza kutumika hata kwa mjamzito. Tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, ni ya mtu asiye mjamzito. Haidrokwinoni nayo, kama dawa na si kipodozi, daktari wa ngozi huweza kuiandika, kwa miezi michache na kwa kumfuatilia mgonjwa.

Mwalimu wa Pangani:

Nashukuru sana nyote. Nimepapasa, vyangu ni bapa. Natumia sindano ya uzazi wa mpango, je, niiache? Na binti yangu?

Tabibu wa Ngozi:

Usiiache kabla hujazungumza na mhudumu wako kuhusu njia nyingine, ikiwemo kitanzi kisicho na homoni. Vidoadoa vya binti, kwa umri wake na kwa urithi huo, ni vya kawaida, hivyo mvishe kofia pana na usimpake dawa ya kuviondoa. Ingekuwa vilianza kabla hajatimiza miaka miwili, huku akiungua vibaya na jua la muda mfupi, ningekuambia umpeleke hospitali haraka, kwa sababu upo ugonjwa wa kurithi wa namna hiyo unaoleta saratani ya ngozi mapema. Nawe ukiona doa moja linalobadilika umbo, linalokua au kutoa damu, lionyeshe kwa daktari bila kungoja. Kwa melasma, omba rufaa ya kliniki ya ngozi katika hospitali ya Bombo, Tanga, au hospitali ya KCMC, Moshi. Kikopo hicho kifunge vizuri ndani ya mfuko, ukiweke mbali na watoto, na ukifika kliniki uwe nacho, ili daktari akione na akuelekeze namna ya kukitupa kwa usalama.