Bahasha ya Nuru imepotea (kikundi cha Familia Ughaibuni)

Mama Nuru: Asalaam aleikum jamaa. Bahasha ya karatasi za Nuru haionekani tangu ahamie Columbus, Marekani. Alizaliwa Mombasa, sasa ana miaka 24. Pasipoti nayo ilikuwa humo. Kazini wanataka uthibitisho. Tuanzie wapi?

Mjomba Hamisi: Waaleikum salaam. Kabla hamjagusa fomu yoyote, nijibu moja: Nuru anazaliwa, baba yake alikuwa keshakuwa raia wa Marekani, au aliapa baadaye?

Mama Nuru: Alikuwa raia tayari. Tulimpeleka ubalozini Nairobi akiwa mchanga, wakatupa karatasi.

Mjomba Hamisi: Hiyo ni ripoti ya ubalozi ya mtoto aliyezaliwa nje, FS-240. Peke yake ni ushahidi kamili wa uraia. Usiitafute USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) wala usisumbue watu wa Mombasa, rekodi yake iko Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Idi: Hapo ndipo watu wanapochoma pesa. Wakisikia "karatasi ya uraia" mbio kwenye fomu N-565. N-565 ni ya kutolewa upya cheti ambacho USCIS walishakupa. Kama hawakuwahi kukupa, watakukatalia, na dola 555 (505 ukiomba mtandaoni) hazirudi.

Shangazi Rehema: Fomu ya Nuru ni DS-5542, ya kuomba nakala ya FS-240. Ajaze jina kama lilivyoandikwa alipozaliwa, tarehe, mji, majina ya wazazi wote wawili na tarehe zao za kuzaliwa. Akiwa ameolewa na kubadili jina, lile la zamani ndilo litakaloipata rekodi. Nakala ya kitambulisho chenye picha, mbele na nyuma. Dola 50 kwa kila nakala, kwa hundi au mani oda ya U.S. Department of State. Pesa taslimu asitie. Inakwenda kwa posta Sterling, Virginia, anwani iko kwenye fomu yenyewe.

Shangazi Rehema: Na ASISAINI nyumbani. Asaini mbele ya notari (ofisa wa kushuhudia saini), notari agonge muhuri. Nuru ni mtu mzima, kwa hiyo aombe mwenyewe. Mama usimsainie 😅

Mama Nuru: Nimekusikia wifi 😅 Aombe ngapi?

Shangazi Rehema: Mbili. Moja ya kutumia, moja ikae kwenye sanduku.

Mama Nuru: Na kazini asubiri mpaka ije?

Idi: Hapana. Mwajiri haruhusiwi kumchagulia karatasi. Kwenye fomu I-9, ile ya mwajiri kuhakikisha una ruhusa ya kufanya kazi, leseni ya udereva pamoja na kadi ya Social Security isiyo na maandishi ya masharti inatosha. Hata hiyo FS-240 ingekuwepo, angehitaji leseni pembeni yake. Pasipoti ndiyo inayosimama peke yake.

Mama Nuru: Alhamdulillah, hizo mbili anazo. Basi pasipoti?

Mjomba Hamisi: Kwanza aripoti ile iliyopotea kwa DS-64, ni bure. Akisharipoti imekufa, hata ikionekana chini ya kitanda asisafirie. Mpya ni DS-11, aende mwenyewe, dola 130 na 35. Nayo haisainiwi mpaka karani aseme. Akitaka pasipoti bila kungoja FS-240, anaweza kuomba wapekue faili lake la zamani, lakini hiyo ni dola 150 zaidi. Mimi ningengoja ya dola 50.

Bi Zena: Shikamooni. Na mwanangu je? Yeye alikuja na grini kadi akiwa na miaka 9, mimi nikaapa akiwa na 13. Karatasi ya uraia hajawahi kupewa.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Huyo hakupoteza cheti, hakuwahi kuwa nacho. Kwa sheria iliyoanza kazi 27 Februari 2001, akiwa chini ya miaka 18, ana grini kadi, anaishi nawe na uko na malezi yake, uraia ulimwingia siku uliyoapa. Hakuna fomu iliyohitajika.

Idi: Kwa hiyo kumwombea cheti ni N-600, dola 1,385 ukiomba kwa fomu ya karatasi. Pasipoti ni 165 na inathibitisha uraia uleule. Anzeni na pasipoti: cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako, cheti chako cha kuapishwa, grini kadi yake, na rekodi za shule kuonyesha mlikaa pamoja kabla hajafika 18. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanaisahau, wanarudishiwa barua.

Bi Zena: Grini kadi yake imepotea 🙈

Shangazi Rehema: Ombeni nakala ya faili lake la uhamiaji USCIS, mtandaoni, kwa kawaida hawatozi. Humo mna nakala za alichoingia nacho, mpaka namba yake ya A (namba ya faili la mhamiaji). Ila nakala ya cheti cha kuzaliwa itokayo humo haina muhuri, cha Kenya itabidi kiombwe upya.

Idi: Na kama ingekuwa cha Lubumbashi, kwa Kifaransa, kingehitaji tafsiri nzima, mtafsiri aandike na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili.

Bi Zena: Nikituma kwa USCIS, mani oda inafaa?

Idi: Tangu 28 Oktoba 2025 hundi na mani oda hawapokei, ni kadi kwa fomu G-1450 au akaunti ya benki kwa G-1650. Msichanganye na ya Nuru: hiyo ni wizara nyingine, huko hundi bado wanapokea.

Mama Nuru: Notari yuko benki?

Shangazi Rehema: Benki nyingi wanaye. Piga simu kwanza, na Nuru aende na kitambulisho ambacho hakijaisha muda.