Mjadala: Mfamasia amfundishe daktari wa familia, au abaki dirishani?

Wadau, kuna kauli inayorudiwa sana na madaktari wenzangu: mfamasia kazi yake ni kutoa dawa, daktari afundishwe na daktari. Naipinga kwa nguvu zote.

Daktari bingwa wa familia ndiye anayebaki na mgonjwa miaka nenda rudi, na mara nyingi mgonjwa huyo ana presha, kisukari na VVU kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafundisha mabingwa hawa mwaka 2005. Silaha yao kubwa ni kalamu ya kuandikia dawa. Sasa kalamu hiyo inanolewa na nani?

Chukueni kliniki yoyote ya presha. Mama anaanzishiwa amlodipini, dawa ya presha, baada ya wiki kadhaa miguu inavimba. Daktari kijana anaona uvimbe, anaandika furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Madini ya potasiamu mwilini yanashuka, misuli inakaza, mama anakwenda duka la dawa kununua diklofenaki ya maumivu, ambayo nayo inapandisha presha ileile na kuumiza figo. Dawa tatu, na chanzo ni kidonge cha kwanza! Mfamasia aliyeketi hapo angemfundisha rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, kuuliza kwanza: miguu ilianza kuvimba kabla ya dawa au baada?

Kwenye kifua kikuu ni hivyohivyo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya dolutegravir, dawa ya VVU, ndiyo maana mgonjwa hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Hudhoofisha pia kijiti cha uzazi wa mpango. Rezidenti huyakariri haya kwa ajili ya mtihani. Mfamasia hukutana nayo kila siku.

Mtasema wafamasia ni wachache. Vijijini, kweli. Lakini mafunzo haya hufanyika kwenye hospitali kubwa, na huko wapo, ila wamefungiwa stoo wanahesabu maboksi. Inauma.

Sitaki mhadhara mmoja kwa muhula. Nataka mfamasia akae kliniki nusu siku kila wiki, apitie vyeti vya dawa na rezidenti, na alama anayompa rezidenti ihesabiwe. Chuo kimlipe, maana anafundisha.

Mliopitia mafunzo haya, mfamasia aliwahi kuketi nanyi mbele ya mgonjwa? Na ninyi wafamasia, hiyo nusu siku stoo mtamwachia nani?