MJADALA: Hirizi ya moto wa bure iruhusiwe kwenye mizinga ya mvuke, au ipigwe marufuku?

Mchora_Ramani
Wakuu, mbukwenyi. Kabla ya kura ya Jumamosi pale Area C, Dodoma, naomba tulimalize hili. Katika ulimwengu wetu wa hadithi tunaouandika pamoja, milki ya Bondeni ina mito na misitu. Milki ya Nyanda Kame haina kuni wala maji ya kuchezea. Zote mbili zinashindana kuunda mizinga ya mvuke, yaani inayorusha gololi kwa nguvu ya mvuke badala ya baruti. Limekuja pendekezo kwamba Nyanda Kame wapewe hirizi, yaani jiwe linalotoa joto bila kuni na bila kuchoka. Mimi napinga. Moto wa bure unaua mashindano: atakayeipata kwanza ameshinda na hadithi imeisha. Na niseme ukweli, sura nyingi zilizoletwa zinachora mzinga wa mvuke kama birika lenye magurudumu. Hakuna valvu, hakuna pampu, hakuna anayejua maji yanaingilia wapi. Nawasilisha.

Zabibu_Kavu
Hilo birika ni sura yangu ya tatu, kaka, ungetaja tu. Boila (pipa la kuchemshia maji) ya lita 200, presha ya baa 15 (kama mara 15 ya hewa ya kawaida), mtutu wa mita 2, tundu la milimita 25. Vipimo vyote vimo, aya ya pili. Valvu sikuitaja kwa sababu anayesimulia ni mpiga tarumbeta, na mpiga tarumbeta anaona moshi na anasikia mlio, basi. Ukitaka kila msimulizi awe fundi, sema hivyo kwenye kanuni tujue.

FundiMakole
Vipimo vya dada Zabibu vinatosha kabisa kufanyia hesabu, kwa hiyo tuvitumie.

Tundu la milimita 25 lina eneo la karibu sentimita za mraba 4.9. Baa 15 zikisukuma hapo zinatoa nguvu ya niutoni 736. Kwa mtutu wa mita 2 unapata jouli 1,470 kama presha haishuki na hakuna kinachovuja. Gololi ya risasi (ile metali nzito) ya ukubwa huo ina gramu 93, hivyo inatoka kwa mita 178 kwa sekunde. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Presha itashuka na mvuke utapita pembeni ya gololi, kwa hiyo andikeni 130 au 140. Bunduki ya baruti ya kushindilia, ikijazwa vizuri, inavuka 400.

Sasa angalieni matumizi. Kila risasi inajaza mtutu lita moja ya mvuke, ambayo kwa presha hiyo ni gramu 8 tu za maji. Risasi 100 ni gramu 800. Kilo moja ya kuni kavu, hata kama nusu ya joto lake linapotea kwenye bomba la moshi, inatoa mvuke wa risasi zaidi ya 300. Kuchemsha zile lita 200 kutoka baridi mpaka nyuzi 201, joto la kuchemka kwa presha hiyo, kunahitaji kama kilo 19 za kuni, bila kuhesabu joto linalonywewa na chuma chenyewe. Kwa hiyo hirizi inawaokolea Nyanda Kame mzigo mmoja wa kuni kwa siku. Mchora_Ramani unapigana na kitu kidogo.

Mchora_Ramani
Sipigani na kitu kidogo. Umehesabu mtutu mmoja. Weka mitutu kumi, kila mmoja risasi kumi kwa dakika: hapo ni maji lita 48 kwa saa na kuni kilo 16 kwa saa. Bondeni lazima wavute mkokoteni wa kuni nyuma ya kila mzinga. Nyanda Kame hawavuti. Hiyo ni tofauti ya jeshi linalotembea na jeshi linalokaa.

FundiMakole
Ng'ombe wawili wanavuta kuni za siku nzima, mkuu. Kinachoamua vita hapo ni chuma. Pipa la boila lenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita moja, kwa baa 15, linataka ukuta wa milimita 7 na nusu wa chuma cha kufuliwa. Kama kilo 140, bila ribiti (misumari ya kuunganishia mabati) na maungio. Ukitaka kasi iongezeke mara mbili unahitaji baa 60, na ukuta unakuwa milimita 30. Zinakuwa karibu kilo 570 za pipa tupu. Hirizi ya joto haigusi tatizo hilo. Mkitaka uchawi unaobadilisha vita, jadilini kiapo cha kuimarisha chuma. Huo ndio wa kuogopa.

Reli_ya_Kati
Wakuu, kwa nini tunahangaika na karatasi wakati mfano tunao nyumbani? Liemba ilikuwa meli ya kivita ya Wajerumani, na mpaka leo injini yake ni ya mvuke pale Ziwa Tanganyika. Zaidi ya miaka mia moja. Chuma kizuri hakihitaji kiapo.

MtotoWaUjiji
Umepotosha. Liemba iliondolewa mvuke miaka ya 1970 ikawekewa dizeli. Tusidanganyane kwa sababu tuko mbali na ziwa.

Reli_ya_Kati
Nimesema meli ni ile ile. Wewe umekimbilia injini. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa masandukuni, ikaletwa kwa reli mpaka Kigoma. Masanduku hayo yalipita hapa hapa Dodoma. Hilo nalo utalikataa?

MtotoWaUjiji
Hilo silikatai. Nakataa neno "mpaka leo", maana limo kwenye ujumbe wako na watu wanasoma. Kama unataka fundisho la Liemba, lenyewe ni hili: Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiiache kwa adui, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito. Ikatolewa majini mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Boila na injini vilivumilia miaka minane chini ya maji kwa sababu ya grisi. Si chuma kizuri, ni matunzo.

Zabibu_Kavu
Na hapo ndipo hadithi ilipo, jamani. Meli ya kivita inafika ziwani ndani ya masanduku. Nani anabeba, nani anajua sanduku lipi lina kifuniko cha silinda, nani anapoteza boliti. Nyanda Kame wakiwa na hirizi lakini boila yao inatengenezwa mji mwingine, nusu ya vita ni barabara.

Reli_ya_Kati
Asante dada. Ongeza Königsberg, manowari ya Wajerumani. Mwaka 1914 injini ziliiharibikia, ikajificha delta ya Rufiji, na vifaa vya boila vilikokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kwenda kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Manowari nzima ilisimama ikisubiri vyuma kutoka karakana. Ilipomalizwa Julai 1915, mizinga yake ilitolewa ikaendelea kupiga vita nchi kavu, na mmoja ulifungwa kwenye hiyo hiyo Goetzen. Mzinga wa baruti unaweza kuhama. Mzinga wa mvuke unahama na boila yake au hauhami.

Mzee_wa_Ilazo
Vijana, Liemba imewachukua mbali. Swali lilikuwa hirizi, na hakuna aliyeuliza la msingi: inazimwaje?

Moto wa kuni ukizidi, mpiga moto anafungua mlango na kuukokoa nje. Jiwe lisilochoka unalikokoa vipi? Mtu akisahau kuangalia kioo cha kupimia maji, maji yanashuka, jiwe linabaki wazi na kuwa jekundu. Mwingine anashtuka, anapiga pampu ya maji baridi. Maji yakilamba jiwe jekundu yanageuka mvuke kwa mara moja na valvu ya usalama haiwahi. Zile lita 200 za dada, zikiwa kwenye nyuzi 201, pipa likipasuka karibu kilo 39 zinakuwa mvuke papo hapo. Hiyo ni mita za ujazo 65, chumba cha mita 4 kwa 4 kwa 4 kinachozaliwa ghafla katikati ya askari. Mwaka 1865 boila za meli Sultana zililipuka mto Mississippi wakafa zaidi ya watu 1,100. Moto wa makaa ya mawe ya kawaida tu ule.

Dawa yake: hirizi ining'inizwe kwa mnyororo ndani ya mfuko wa chuma unaozamia kwenye maji, chini wazi kuelekea nje ya boila. Pingili moja ya mnyororo iwe ya metali ya stani tupu, inayeyuka kwa nyuzi 232. Pingili ishikane na ukuta wa mfuko, juu kidogo ya kiwango cha chini cha maji. Maji yakiwepo, ukuta haupiti sana nyuzi 201 na pingili inashika. Maji yakishuka, pingili inayeyuka, jiwe linaangukia sanduku la mchanga chini ya mzinga. Hakuna uchawi hapo.

FundiMakole
Mzee, shikamoo. Hiyo pingili ni nzuri kwa baa 15. Lakini kwa baa 60 maji yenyewe yana nyuzi 276. Stani itayeyuka boila ikiwa nzima, kabla ya risasi ya kwanza. Na wanaotaka baa 120 wajue mvuke wake una nyuzi 325, wakati metali ya risasi inayeyuka kwa 327. Gololi ya risasi italainika mtutuni na kuacha utando. Hapo ni gololi za chuma tu, gramu 64, na mtutu uchongwe sawasawa.

Mzee_wa_Ilazo
Marahaba. Basi presha ya juu iishie pale stani inaposhika. Kikomo umekipata bila kupiga kura.

Mchora_Ramani
Mzee, heshima zako, lakini huwezi kuweka kikomo cha milki mbili kwa kipande cha stani. Watatumia pingili ya metali ya risasi badala yake.

MtotoWaUjiji
Na maji je? Nyanda Kame mmeichora kama huku kwetu, maji ya kisima yenye chumvi na chokaa. Chokaa inaganda pale penye joto kuliko pote. Kwenye boila ya kuni inaganda kwenye bati la tanuri, kwenye hirizi itaganda kwenye mfuko wa jiwe. Ukoko unazuia joto, chuma chini yake kinazidi kupata moto, ukoko unapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, tumerudi kwenye mlipuko wa mzee. Chumvi nayo ikizidi maji yanatoa povu, povu linaingia mtutuni, na gololi inasukumwa na maji badala ya mvuke. Inabidi kila siku wafungue bomba la chini wamwage maji machafu. Kwa hiyo zile lita 48 kwa saa ziongezeni.

Zabibu_Kavu
Hiyo ya povu naichukua. Mpiga tarumbeta ataona mtutu ukitema maji.

FundiMakole
Mtutu baridi nao unatema maji hata bila povu. Mvuke unaganda kwenye chuma, risasi za mwanzo zinaanguka karibu. Lazima mtutu uvikwe koti lenye mvuke kwanza, na uwe na tundu la kumwagia maji upande wa chini.

Reli_ya_Kati
Mmeisahau silaha moja iliyokuwa na hirizi kabisa. Vita vya pili, Wajerumani walirusha mabomu ya kuruka ya V-1 kwenye reli ya kuinamia kwa mvuke usio na moto. Walichanganya peroksidi kali ya haidrojeni na pamanganeti, mvuke unatoka wenyewe, unasukuma pistoni ndani ya bomba. Hakuna kuni, hakuna boila ya kusubiri ichemke. Lakini dawa zile ziliunguza watu na kila mrusho ulitaka ujazo mpya. Kwa hiyo mvuke wa bure upo, Mchora_Ramani, na haukumaliza vita.

Mchora_Ramani
Umesema mwenyewe kila mrusho ulitaka ujazo mpya! Huo si wa bure. Hirizi yenu haiishi, hapo ndipo ninapokataa. Ikubalini iwe na kiasi: kila jiwe litoe joto sawa na kilo 16 za kuni kwa saa, si zaidi, na lipumzike majini saa moja kabla halijatumika tena. Kwa masharti hayo napiga kura ya ndiyo.

FundiMakole
Kiasi kwa saa nakubali. Kupumzika sikubali, maana boila ikipoa na kupata moto kila mara maungio ya ribiti yanalegea na kuvuja.

MtotoWaUjiji
Na pistoni za pampu zinalainishwa na nini huko Nyanda Kame? Msiniambie mafuta ya ng'ombe. Zamani yalitumika kwenye silinda na yalifaa kwa presha ndogo. Presha ikipanda joto linayavunja, yanatoa asidi, na asidi inakula chuma.

Zabibu_Kavu
Ng'ombe ndio utajiri wao wote. Watatumia mafuta ya ng'ombe.

FundiMakole
Basi wabaki baa 15, na silinda ichunguzwe kila mwezi kwa kugonga na nyundo ndogo. Penye mlio mzito pameliwa.