Leseni za mashine pepe zimepanda: tulipe, tuhame, au tupunguze?

Fundi wa Kampemba

Yambo yenu. Naleta neno hili kwa wote mnaoangalia seva za makampuni hapa Lubumbashi, kuanzia depo za unga hadi kliniki. Kwetu tuna seva mbili, kila moja ina prosesa mbili za viini vinane (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi ya kukokotoa). Ndani yake zinakaa mashine pepe tisa, yaani kompyuta za kiprogramu zinazogawana seva: hesabu, mishahara, faili za forodha ya Kasumbalesa na nyingine ndogondogo. Zote ziko juu ya vSphere ya VMware, programu inayoziendesha.

Yaliyotokea mnayajua. Broadcom walikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na Desemba hiyohiyo leseni za kununua mara moja zikaondolewa sokoni. Sasa unalipia muda, kwa hesabu ya viini. Toleo la 7 la vSphere nalo matengenezo yake ya kawaida yalikoma tarehe 2 Oktoba 2025. Ukibaki nalo linaendelea kufanya kazi, ila tundu jipya la usalama likigunduliwa hakuna wa kukuzibia.

Hesabu ya viini ndiyo inayowaumiza wadogo. Kila prosesa inahesabiwa viini 16 hata kama ina 8. Seva zetu ukizifungua zina viini 32. Kwenye karatasi vinakuwa 64.

Msimamo wangu: tuhamie Proxmox. Ni programu huria, ya bure, inayofanya kazi hiyohiyo; ni ya watu wa Vienna, Austria, ipo tangu 2008. Imesimama juu ya Debian, ambayo ni aina ya mfumo wa Linux, na KVM, injini ya kuendesha mashine pepe; KVM imo ndani ya Linux yenyewe tangu 2007. Tangu 2024 ina hata kifaa cha kuvuta mashine moja kwa moja kutoka ESXi, ile sehemu ya vSphere inayokaa kwenye seva. Mkurugenzi anataka jibu mwisho wa mwezi. Nipingeni.

Papa wa Hesabu

Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Mimi ndiye ninayesaini malipo, na bei imeniuma kuliko wewe. Lakini siku seva ikizima nawe uko Likasi kwenye matanga, nani atashika simu? Kwetu kijana anayeijua Linux ni mmoja. Kampuni ya migodi ya Kolwezi ikimwita kwa mshahara mara mbili, ataondoka asubuhi, na sisi tutabaki na programu ya bure isiyo na mwenyewe.

Mama wa Depo

Papa, kwa heshima, mbacha wenyewe siku hizi ni wa kukodi.

Ila Fundi naye asiseme "bure" kwa sauti kubwa hivyo. Sisi tulihama mwaka jana, seva mbili kama zenu, tukaziunganisha ziwe kundi moja. Usiku mmoja umeme ukakatika, grupu la umeme (jenereta) halikuwaka, betri za ondulera zikaisha. Umeme uliporudi seva moja haikuamka. Ya pili ikaamka, lakini ikakataa kuwasha hata mashine zake yenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kamiyo zimepanga mstari getini zikingoja faktire, mimi nimekaa juu ya kreti lililogeuzwa, natafuta kosa ambalo halipo.

Kosa halikuwapo kweli. Kundi la Proxmox linaamua kwa wingi wa kura: kura moja kati ya mbili siyo wingi, basi seva iliyobaki inajizuia isije ikaharibu data. Nikaandika `pvecm expected 1`, mashine zikaanza kuwaka. Amri fupi, lakini kuijua kulinigharimu saa mbili. Wiki iliyofuata tukachukua kompyuta kuukuu ya kaunta, tukaipa kazi moja tu: kupiga kura ya tatu. Ndiye mpiga kura mwaminifu kuliko wote ninaowafahamu.

Na Windows zenu: ondoeni VMware Tools (programu saidizi za VMware) na wekeni dreva za VirtIO (za diski na mtandao wa Proxmox) kabla ya kubadilisha aina ya diski. La sivyo mtapokewa na skrini ya buluu.

Mtu wa Windows

Mbona mnairuka Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe? Kama hesabu na mishahara ziko kwenye Windows Server, basi leseni mnayo tayari, na Hyper-V imo humo ndani. Seva yenu ya viini 16 inahesabiwa 16. Leseni ya Standard inawaruhusu mashine mbili za Windows kwa kila seva iliyolipiwa viini vyote. Mkizidisha, mnalipia tena. Na hizo leseni za Windows mtadaiwa hata mkihamia Proxmox. Fundi hakuziandika kwenye hesabu yake.

Fundi wa Kampemba

Kweli, hapo umenikamata. Lakini kutoka kwa mhesabu viini mmoja kwenda kwa mwingine, ndugu yangu, sioni kama nimehama.

Kijana wa Katuba

Samahani wakubwa. Mashine tisa zote ni za nini?

Fundi wa Kampemba

Nilikasirika kidogo kwa swali hili, kisha nikaenda kuangalia. Moja ni ya majaribio, aliyeiweka aliacha kazi zamani. Nyingine ilishika programu ya stoo tuliyoacha kuitumia. Na kati ya saba zilizobaki, nne ni Linux. Kwa hiyo Windows ni tatu tu, zinazolala sasa hivi juu ya viini 64 vya karatasi.

Nitapendekeza hivi: seva ya pili tuihamishe kwanza, na mashine ndogo. Hesabu na mishahara zibaki zilipo mpaka tufunge mwezi mara mbili bila tatizo. Bekapu tuijaribu kwa kuirudisha kweli, siyo kutazama alama ya kijani. Kompyuta ya kura ya tatu iwepo tangu siku ya kwanza, asante Mama. Na nusu ya pesa tutakazookoa mwaka wa kwanza iende kumfundisha mtu wa pili Linux.

Papa wa Hesabu

Andika wawili. Huyo wa Kolwezi nimeshamhesabu kama ameondoka.