Shule ya marubani wa jeshi letu: kampuni binafsi iingie au ikae mbali?

MWANZISHA MADA (Lubumbashi)
Jambo yenu bandugu. Je, Kongo ifundishe marubani wa jeshi na wafanyakazi wengine wa ndege kwa ubia na kampuni binafsi, kama wanavyofanya Waingereza, Wakanada na Waitaliano? Mimi nasema ndiyo, kwa sharti ambalo sitaliachia: mkufunzi wa angani awe askari wetu, na kampuni ilipwe kwa rubani aliyehitimu, si kwa ndege iliyoegeshwa.

Tarehe 24 Januari 2023 ndege yetu ya vita, Sukhoi-25, ilipigwa kombora karibu na Goma, ikatua uwanjani huku inawaka. Hapa mjini watu walizungumza juu ya kombora. Mimi nilijiuliza nani alikuwa anairusha, na nani anaitengeneza. Kipindi hichohicho Wazungu walionekana Goma, na jeshi likasema ni wakufunzi. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Waromania zaidi ya 280 walijisalimisha, wakavushwa mpaka kuingia Rwanda, wakarudi kwao. Ujuzi waliokuja nao waliondoka nao. Watu waliolipwa kwa jina la ukufunzi walipaswa kutuachia wakufunzi, na sijaona hata darasa moja walilotuachia.

Kwa hiyo tusibishane kama wageni waingie au wasiingie, maana tayari wanaingia. Tubishane juu ya mkataba.

Kwa wasiojua, mafunzo ya kisasa si kumpandisha kijana kwenye ndege ya vita na kumwombea. Anaanzia kwenye ndege ndogo ya propela, anahamia yenye nguvu zaidi, kisha jeti ya mafunzo, ndipo akabidhiwe ndege ya kazi. Kati ya hatua hizo ana saa nyingi kwenye simuleta, yaani mashine ya chini inayoigiza ndege. Angalieni Hawk T2 ya Waingereza: haina rada halisi puani. Kompyuta inamchorea rubani adui kwenye kioo, naye anamkimbiza, anamlenga, anakosea, anarudia. Akifika kwenye ndege ya gharama kubwa, makosa ya mwanzo ameshayamaliza. Vifaa vya namna hiyo hatuna, na jeshi peke yake halitavijenga kesho.

MWANAFUNZI WA UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)
Naunga mkono, na ningelegeza hata sharti lako. Kanada imekuwa na ubia huu tangu mwaka 2000 pale Moose Jaw, na mwaka 2024 ilisaini mkataba mpya wa miaka 25 na kampuni ya SkyAlyne, dola za Kanada bilioni 11.2. Ndege, matengenezo na simuleta ni kazi ya kampuni. Italia nayo ina shule ya kimataifa Decimomannu, kisiwani Sardinia, jeshi la anga na kampuni ya Leonardo pamoja, kwenye jeti ya M-346. Hata Japani na Qatar wametuma wanafunzi wao huko. Kama Japani haioni haya kufundishiwa, sisi tunaona haya ya nini?

MAMA WA KATUBA
Mwanangu, mimi sioni haya, naona hesabu. Sisi wa Katanga hili neno ubia tumelala nalo na kuamka nalo. Kule kwenye mgodi wa Tenke Fungurume, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali yetu, ina asilimia 20, na kwenye Sicomines, ubia wetu na Wachina, upande wetu una 32. Mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008 ulisema Wachina wachukue shaba, sisi tupate barabara na hospitali. Mwaka 2023 IGF, wakaguzi wa fedha wa serikali yetu, walisema kati ya dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa miundombinu zilikuwa zimetolewa milioni 822 tu. Tukasubiri hadi Machi 2024 ndipo mkataba ukarekebishwa, ahadi ikapanda hadi bilioni 7. Hiyo ni barabara, kitu ambacho hata mtoto anaona kipo au hakipo. Sasa saa za kuruka za rubani, kule kambini, nani atazihesabu? Na askari aliye mstari wa mbele mshahara wake umefika?

FUNDI WA HANGANI
Mama amesema kweli kuhusu kuhesabu. Mimi naongeza upande ambao hamjaugusa. Mnasema rubani, rubani. Ndege inafia hangani, bandani inakotengenezwa, kabla ya kufia angani. Chukueni kiti kinachomtupa rubani nje ndege ikishindikana. Ndani yake mna baruti yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, hata kama ndege haijaruka kabisa, baruti inabadilishwa, la sivyo rubani amekalia kitu ambacho huenda kisimwokoe. Hilo linataka fundi aliyesomea, vipuri, na daftari linaloandikwa bila uongo. Bawa la helikopta nalo lina saa zake, zikiisha linashushwa, hata kama kwa macho bado zima. Kampuni ikija na mafundi wake peke yao, ikafunga kabati la vitabu na kuondoka na ufunguo, tumenunua nini? Vijana wetu wa mashine wapo na wana akili. Wawekwe kwenye mkataba kwa idadi, kama marubani.

MWANZISHA MADA
Fundi, nakubali kabisa, na naongeza kwenye sharti langu: mafundi pia. Nilisema wafanyakazi wa ndege kisha nikakimbilia rubani.

Mwanafunzi, Kanada uliyoitaja inanisaidia mimi. Kwenye mpango ule wa Moose Jaw kampuni ilishika ndege, madarasa ya chini na simuleta, lakini angani aliyemfundisha kijana ni askari. Usinilegezee hapo.

Sasa Uingereza, maana ndiyo inayosifiwa. Mwaka 2008 walisaini mkataba wa miaka 25 na Ascent, kampuni ya Lockheed Martin na Babcock. Mwaka 2019 mkaguzi wa hesabu za serikali yao akakuta kumfundisha rubani wa jeti kunachukua zaidi ya miaka saba, wakati lengo halifiki minne. Kijana anamaliza hatua moja, anakaa anasubiri nyingine. Kampuni haikuwa na lawama peke yake. Serikali ilipunguza idadi ya marubani iliyowataka mwaka 2010, ikaiongeza tena mwaka 2015, na mpango uliokwisha kupangwa kwa idadi ndogo haukuweza kunyooka haraka. Wakufunzi wa jeshi nao walikuwa pungufu. Mwaka 2022 injini za Hawk zikaleta matatizo, foleni ikazidi. Yote hayo kwenye nchi yenye mkaguzi anayechapisha ripoti hadharani. Mama, swali lako la nani atahesabu ndilo lingenifanya nikatae ubia wote kama halina jibu.

Jibu langu ni hili. Sheria ya ubia tunayo tangu 9 Julai 2018. Siri za vita zibaki siri, lakini bei, miaka, idadi ya wahitimu kwa kila mwaka na tarehe ya mkufunzi wa kwanza Mkongomani kuchukua darasa si siri za vita. Ziwekwe mbele ya Bunge kabla ya saini. Mwaka ambao wahitimu hawakufika, malipo yakatwe.

MWANAFUNZI WA UNILU
Kampuni gani itakubali? Wanafunzi unawachagua wewe. Ukiniletea kijana asiyejua hesabu, akashindwa, mimi kampuni nikatwe?

MWANZISHA MADA
Hoja hiyo ni nzito. Basi mtihani wa kuingia ufanywe na pande mbili, kila upande uweke saini kwa kila kijana. Akishapita, hakuna kusema hakufaa. Na mtoto wa mkubwa aliyeshindwa mtihani arudi nyumbani kwa baba yake.

MAMA WA KATUBA
Hapo kwenye mtoto wa mkubwa nakuangalia. Na shule yenyewe mnaiweka wapi, Kinshasa tena?

MWANZISHA MADA
Kamina, mama, kwenye kambi ya jeshi. Wabelgiji waliwafundishia marubani wao palepale kabla ya 1960, kwa sababu kuna nafasi na anga. Reli kutoka kwetu inafika. Umeme ndio shida, simuleta haivumilii umeme unaokatikakatika, kwa hiyo mtambo wa umeme wa shule uandikwe ndani ya mkataba, na mafuta yake yaandikwe nani analipa. Fundi, wewe unaonaje: mafundi wangapi kwa kila rubani?